Kliniki ya betri ya moyo mkoani Tabora: kukagua na kurekebisha mipangilio, hatua kwa hatua

Mgonjwa wa Tabora anayehitaji betri ya moyo (pacemaker, kifaa kidogo chini ya ngozi kinachotuma umeme kwa waya ili moyo upige) kwa kawaida huwekewa mbali na kwao: Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, au Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa. Anarudi kwa treni au basi, kidonda kimefunga, kizunguzungu kimekwisha, ndugu wanakuja kumwona. Miezi mitatu inapita. Anajisikia mzima, nauli ni kubwa, na kazi za tumbaku zinamsubiri. Haendi kliniki.

Hasara inaanzia hapo, na haina maumivu ya kumwonya mtu. Ncha ya waya wa betri inapochomekwa kwenye nyama ya moyo, nyama hiyo hupata uvimbe mdogo. Kwa hiyo umeme unaohitajika ili moyo uitikie hupanda katika wiki za mwanzo, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 6, halafu hushuka na kutulia. Daktari aliyeweka betri analijua hilo. Anamruhusu mgonjwa betri ikiwa imepangwa kutoa umeme mwingi kuliko unaotakiwa, mara nyingi volti 3.5 au zaidi, kama akiba ya wiki hizo. Baada ya miezi 3 akiba hiyo inatakiwa kupunguzwa. Nishati ya kila msukumo hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kushuka kutoka volti 3.5 hadi 2.5 kunaipunguza karibu nusu. Betri inayopiga mara 60 kwa dakika hutoa misukumo 86,400 kwa siku. Ikiachwa hivyo, betri ambayo ingedumu miaka 10 inaisha mapema mno, na kuibadilisha ni kupasua tena sehemu ileile, mahali ambapo hatari ya maambukizi ni kubwa kuliko mara ya kwanza.

Ndiyo maana nasema bila kusita: kama mgonjwa wako ana uwezo wa kuhudhuria mara moja tu katika mwaka wa kwanza, iwe mwezi wa tatu. Betri nyingi za kisasa zinaweza kujipima na kujishusha zenyewe, lakini lazima mtu ahakikishe kwamba uwezo huo umewashwa na unafanya kazi sawasawa.

Nawaandikia wenzangu wa hospitali za Kitete na Nkinga, na wa hospitali za wilaya. Nusu ya kwanza ya mwongozo huu inafanyika popote penye mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi, na sumaku. Nusu ya pili inahitaji programa, yaani kompyuta maalumu ya kusomea betri, na mtu aliyefundishwa kuitumia. Usibadilishe chochote kwenye programa kama hujafundishwa; hata mwenye uzoefu anaweza kuusimamisha moyo wa mtu kwa kubonyeza mahali pasipofaa.

Ratiba

Ukaguzi wa kwanza hufanyika kabla mgonjwa hajaruhusiwa, ndani ya siku 3. Wa pili ni kati ya wiki ya 2 na ya 12. Kwa mtu wa wilaya ya Sikonge au Kaliua ninapendekeza usogezwe karibu na wiki ya 12, ili safari moja imalize kazi ya kushusha umeme, mradi kidonda kimeangaliwa mapema kwenye kituo cha karibu. Kisha kila miezi 6 hadi 12. Betri ikikaribia kuisha, kila mwezi 1 hadi 3.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mpigie mgonjwa au ndugu yake, umwombe akusomee kadi ya betri. Unataka jina la kampuni na namba ya modeli. Programa ya Medtronic haisomi betri ya Biotronik, wala ya Boston Scientific haisomi ya Abbott. Timu ya wataalamu inayokuja mkoani na programa isiyo sahihi imemchosha mgonjwa bure.

Mazungumzo na macho kwanza

Salimia, mkalishe, mpe muda wa kupumua. “Shikamoo babu. Tangu urudi, umewahi kuanguka au kuona giza machoni?” Swali hilo ndilo la kwanza kwa sababu kuanguka kwa mtu mwenye betri ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo. Endelea na mengine: anachoka haraka kuliko zamani? Shingo inadunda? Anapata kwikwi isiyoisha? Kwikwi ya namna hiyo huweza kumaanisha kwamba umeme unafika kwenye kiwambo, ile misuli inayotenganisha kifua na tumbo, ama kwa sababu waya umesogea ama kwa sababu umeme ni mwingi. Kifua kikirukaruka karibu na betri, fikiria waya uliochubuka au umeme unaovuja kwenye misuli.

Uliza kazi zake kwa majina. Anatwanga? Anabeba ndoo ya maji kichwani huku mkono umeinuliwa? Anafunga kanga ya mtoto na fundo linakaa juu ya betri? Wiki 4 hadi 6 za kwanza, mkono wa upande ule usiinuliwe juu ya bega wala kubeba mzigo mzito, maana waya haujashika vizuri. Baada ya hapo mkono unatakiwa kutumika. Wapo wanaougandisha kwa hofu mpaka bega linakakamaa, nao wanahitaji kuambiwa waziwazi kwamba sasa ni ruksa. Uliza pia kwa upole kama huwa anakishika na kukizungusha kifaa chini ya ngozi. Kukizungusha huvuta waya mpaka unachomoka.

Kisha dawa. Mgonjwa anayetumia enalapril pamoja na spironolactone, hasa figo zikiwa dhaifu, anaweza kupandisha potasiamu, na potasiamu ikipanda sana moyo unakuwa mgumu kuitikia umeme. Programa itaonyesha kizingiti, yaani umeme mdogo kabisa unaoufanya moyo uitikie, kimepanda, na asiyejua atalaumu waya. Pima potasiamu kabla ya kuamua.

Vua shati, tazama mahali palipowekwa betri. Ngozi iwe na rangi ya kawaida na isogee juu ya kifaa. Wekundu, joto, ngozi iliyosinyaa na kung’aa, au tundu linalotoa majimaji ni dalili ya maambukizi. Hapa nina jambo moja la kusisitiza: usichome sindano kunyonya uvimbe huo, na usimpe vidonge vya antibayotiki ukamrudisha nyumbani. Sindano inaingiza vijidudu, na vidonge vinaficha ugonjwa huku ukitembea kwenye waya kuelekea moyoni. Chukua damu kwa ajili ya kuotesha vijidudu kama maabara inaweza, piga simu hospitali iliyoweka betri, mpe rufaa.

ECG na sumaku

Hesabu mapigo kwa dakika nzima kwa vidole vyako. Kadi ikisema 60 na wewe ukapata 38, ama betri haishiki moyo (moyo hauitikii umeme wake), ama kuna mapigo ya ziada ambayo hayafiki mkononi. ECG itatofautisha. Piga ECG yenye njia 12 pamoja na mstari mrefu wa chini. Baada ya kila mchomo wa betri, ule mstari mwembamba wa wima, tafuta wimbi pana la chemba za chini, likifuatiwa na wimbi la T. Mchomo peke yake hauthibitishi kitu. Moyo lazima uwe umejibu. Kinyume chake, michomo inayoangukia katikati ya mapigo ya moyo wenyewe inaonyesha kwamba betri haihisi. Betri nyingi za sasa zina michomo midogo sana isiyoonekana vizuri kwenye karatasi, kwa hiyo usiseme betri imekufa kwa sababu tu huioni.

Sasa weka sumaku juu ya betri kwa sekunde 10 hadi 15 huku ECG ikiendelea. Sumaku huifanya betri ya moyo ipige kwa mwendo maalumu bila kusikiliza moyo, na mwendo huo unaeleza hali ya chaji. Betri nyingi za Medtronic hupiga mara 85 kwa dakika zikiwa na chaji na 65 zikifika wakati wa kubadilishwa. Biotronik ni 90, zikichoka 80. Boston Scientific huanza 100 na kushuka hadi 85. Ukipata mwendo wa kuchoka, usingoje programa ije mwezi ujao: tangu betri itoe ishara hiyo, kwa kawaida kuna takriban miezi 3 kabla haijaaminika tena. Betri ya Medtronic ikifika hapo kwa kawaida hujibadilisha yenyewe na kupiga 65 kwa waya wa chini tu, kwa hiyo mzee aliyekuwa na nguvu zake akija analalamika uchovu na mapigo yake ni 65 bila kubadilika, fikiria chaji kwanza. Sumaku isipoleta mabadiliko yoyote, inawezekana uwezo huo ulizimwa kwenye mipangilio, au betri imeisha kabisa. Uangalie mstari wa ECG kuliko hofu yako.

Eksirei ya kifua, ya mbele na ya ubavu, ipigwe kama kuna shaka na waya. Ilinganishe na ile ya siku ya kwanza, na hapo ndipo utamshukuru ndugu aliyeitunza.

Programa: kusoma kabla ya kugusa

Mgonjwa alale, ECG ya programa iunganishwe, na kifaa cha dharura cha kupigisha moyo kutoka nje kiwe karibu. Weka kichwa cha programa juu ya betri, soma, na kabla ya jambo lolote chapisha mipangilio uliyoikuta. Karatasi hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyuma.

Anza na chaji, miaka iliyokadiriwa kubaki, na asilimia ya mapigo yaliyotoka kwenye betri. Kisha ukinzani wa waya. Waya mzima kwa kawaida husoma kati ya omu 200 na 2,000, lakini namba moja haikuambii mengi. Kinachosema ni mwenendo. Waya uliokuwa omu 600 mwaka mzima na leo ni 190 umechubuka ganda lake na unavuja umeme. Uliokuwa 600 na sasa umezidi 2,000 umekatika ndani, au skrubu inayoushikilia kwenye betri imelegea. Ukishuku tatizo, mwambie mgonjwa abane viganja vyake kwa nguvu mbele ya kifua, ainue mkono, aupeleke nyuma, huku ukitazama kwenye programa mistari ya umeme wa ndani ya moyo. Kelele inayotokea wakati wa kubana huweza kuidanganya betri kwamba moyo unapiga, ikanyamaza. Mgonjwa anayeanguka akichota maji kisimani anaweza kuwa na tatizo hilohilo.

Hatua inayofuata naipa uzito kuliko zote: moyo una mapigo yake mwenyewe chini ya betri? Shusha mwendo taratibu, 60, 50, 40, mpaka 30 kama mgonjwa anavumilia, ukiongea naye muda wote. “Mama, unajisikiaje sasa?” Kizunguzungu kikianza, rudisha mara moja. Asiye na mapigo ya kumtosha anategemea betri kwa kila pumzi, na neno hilo liandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi na faili. Kuanzia hapo kila kipimo kwake kifanyike haraka, na kidole chako kikiwa kwenye mshipa.

Kuhisi, yaani betri kuusikia moyo, hupimwa moyo ukipiga wenyewe. Chemba ya juu ikitoa milivolti 1.5 au zaidi na ya chini 5 au zaidi, ni vizuri. Kiwango cha kuhisi kiwekwe nusu au theluthi ya ulichopima. Wanafunzi hugeuza jambo hili mara kwa mara: namba ndogo ni sikio kali zaidi, namba kubwa ni sikio zito. Ukipima milivolti 9 kwenye chemba ya chini, kiwango cha 3 kinatosha, ukiweka 0.5 betri itasikia hata misuli ya kifua.

Kizingiti ndicho kiini cha kliniki ya mwezi wa tatu. Kwa chemba ya chini, endesha betri kwa mwendo ulio juu kidogo ya mapigo ya mgonjwa, weka muda wa msukumo milisekunde 0.4, kisha shusha volti hatua kwa hatua: 2.0, 1.5, 1.25, 1.0, 0.75, 0.5. Pale wimbi pana linapokosekana baada ya mchomo, simamisha. Kizingiti ni volti ya mwisho iliyoshika kila mara. Ikishika kwa 0.75 na kukosa kwa 0.5, kizingiti ni 0.75. Kwenye chemba ya juu fanya vivyo hivyo ukitafuta wimbi la P, kazi inayohitaji subira kwa sababu wimbi lenyewe ni dogo.

Kurekebisha

Kanuni ya umeme: volti angalau mara 2 ya kizingiti, kwa waya uliotulia. Kizingiti cha 0.75 kinaruhusu 2.0, kwa anayetegemea betri kabisa mimi huacha 2.5 na kulala usingizi mzuri. Kizingiti kilichopanda kutoka 0.75 hadi 2.0 bila sababu ni swali linalohitaji jibu. Usiishie kuongeza volti: potasiamu, dawa mpya, eksirei, na kumrudisha baada ya wiki chache.

Mwendo wa chini wa 60 unawafaa wengi. Anayehangaika usingizini anaweza kupangiwa 50 usiku, lakini hakikisha saa ya betri imewekwa sawa na saa ya hapa, maana makosa ya saa yatamshushia mapigo akiwa shambani. Mwendo wa juu wa kufuata chemba ya juu kwa kawaida ni 120 hadi 130.

Kwa mwenye waya mbili, tazama kuchelewa kati ya chemba ya juu na ya chini. Mgonjwa ambaye umeme wake wa asili bado unapita, ingawa polepole, apewe nafasi: refusha muda huo, au washa programu ya kupunguza upigaji wa chini. Kupigishwa chemba ya chini ya upande wa kulia muda mwingi, hasa ikizidi asilimia 20 hadi 40, kunaweza kuudhoofisha moyo wa baadhi ya watu. Njia ikiwa imeziba kabisa huna cha kurefusha. Weka milisekunde 150 hadi 180 na panga ekokadiografia (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ili ufuatilie nguvu za moyo.

Kisha kuna kipengele cha kuongeza mapigo mgonjwa anapofanya kazi, ile herufi R kwenye VVIR au DDDR, ambayo ni majina ya modi, yaani namna betri ilivyopangwa kufanya kazi. Betri nyingi hutambua kazi kwa mtikisiko wa mwili, na hapa Tabora kuna mambo mawili ya kukumbuka. Mwendesha baiskeli kwenye barabara laini hutikisika kidogo huku akifanya kazi nyingi, kwa hiyo betri humwacha na mapigo machache akihema. Abiria wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi ametulia kabisa, lakini betri inadhani anakimbia. Ukiona kwenye grafu mapigo ya 110 siku ya safari tu, uliza barabara kabla ya kuandika ugonjwa. Pima kwa kumtembeza: dakika 3 kwenye korido, kwa mwendo wake wa sokoni, ukiangalia kama anafika 85 hadi 100. Rekebisha, mtembeze tena.

Matukio yaliyohifadhiwa yafunguliwe yatazamwe, usiamini kichwa cha habari cha mashine. Betri inaweza kuandika fibrilesheni ya atria (mapigo ya chemba za juu yasiyo na mpangilio) kumbe imesikia mwangwi wa chemba ya chini. Ikithibitika ni kweli, na vipindi ni vya saa nyingi, uamuzi wa dawa za kuzuia damu kuganda uangalie umri, shinikizo la damu, kisukari na historia ya kiharusi.

Onyo moja kuhusu aina ya waya: waya wenye ncha moja ukipangwa kama wenye ncha mbili hautapiga kabisa. Soma kadi kabla ya kugusa kipengele hicho.

Badilisha jambo moja, thibitisha, ndipo uende kwa jingine. Mwisho soma betri upya na uchapishe tena. Karatasi ya programa huchapishwa kwa joto, na kwa hali ya hewa ya hapa inafifia upesi, kwa hiyo toa kopi ya kawaida au piga picha siku hiyohiyo. Kwenye kadi andika tarehe, modi, mwendo, volti na muda wa msukumo kwa kila waya, kizingiti, ukinzani, kiwango cha kuhisi, anategemea betri au la, na kila ulichobadilisha pamoja na sababu. Daktari wa Dodoma atakayempokea usiku hatakuwa na njia nyingine ya kujua.

Kabla hajaondoka

Mkalishe pamoja na ndugu anayeishi naye. Simu ikae mfuko wa upande mwingine, isipungue sentimita 15 kutoka kwenye betri, na aiweke sikio la upande wa pili. Redio, televisheni na taa za sola havina shida. Mashine ya kuchomelea vyuma ni jambo la kujadiliwa na daktari kabla hajarudi kazini. Kila anapokwenda kupasuliwa, hata jino au ngiri, aonyeshe kadi mapema. Asiingie kwenye mashine ya MRI mpaka betri na waya vyote vithibitishwe kwamba vinaruhusu.

Mfundishe ndugu kuhesabu mapigo mkononi kwa dakika nzima, amhesabie mbele yako mpaka apatane na wewe. Wapate namba ya simu ya kliniki, picha ya kadi kwenye simu mbili tofauti, na tarehe ya kurudi iliyopangwa kwa kuangalia msimu wao. Waje siku hiyohiyo bila kungoja tarehe: akianguka, mapigo yakishuka chini ya namba iliyoandikwa kwenye kadi, kwikwi isiyokoma, au ngozi ya juu ya betri ikibadilika rangi.